Bwana Msa arudi madukani na madarasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimzungumzie marehemu Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa Zanzibar aliyetuachia mpelelezi Bwana Msa. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mtwara. Ukiwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha nne wakutajie mpelelezi wa hadithini, watamtaja Sherlock Holmes wa kwenye filamu. Wachache, wale ambao wazazi wao walikuwa wasomaji, watamkumbuka Willy Gamba wa mtunzi Elvis Musiba. Bwana Msa hawamjui kabisa, na jambo hili linaniuma.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuingia kwenye magazeti alikuwa bwana afya, na mimi naamini kazi ile ndiyo iliyomfundisha kutazama. Bwana afya anaingia hadi uani kwa watu, anachungulia kisima, anauliza maji machafu yanamwagwa wapi, na wakati wote anazungumza na mwenye nyumba kwa upole asije akamuudhi. Bwana Msa naye anapeleleza vivyo hivyo. Mwaka 1948 Abdulla akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 akahariri jarida la Mkulima kwa miaka kumi. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Simu ya Kifo ya Katalambulla, ambayo wengi huku bara wanaidhania ndiyo riwaya ya mwanzo ya upelelezi kwa Kiswahili, ilitoka 1965.

Wahakiki husema Bwana Msa na rafiki yake Najum wamechorwa kwa kuwatazama Holmes na Watson. Sikatai: kiko kipo, na rafiki wa kushangaa yupo. Lakini mafumbo yenyewe ni ya kwetu. Chanzo chake ni mambo ya ndani ya ukoo: mtoto aliyefichwa asili yake, ndoa ya siri, mali ya marehemu. Huwezi kufumbua kitu bila kujua nani ni shemeji wa nani na nani hasemi na nani. Msomaji wa Mikindani au wa Lindi mjini atayaona hayo kama habari za mtaa wa pili.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, na tena katika Kisima cha Giningi cha 1968, watu wamejawa na hofu ya mizimu na uchawi. Bwana Msa hawacheki wala hawavunjii heshima wazee. Anauliza tu, anasikiliza, anarudi kuuliza, mpaka anamfikia binadamu mwenye mikono na mwenye sababu zake. Sasa tutazame huku kwetu. Mtu akifa ghafla, mara ngapi mchawi anakuwa ameshateuliwa kabla hata ya matanga kwisha? Na anayeteuliwa mara nyingi ni bibi kizee anayeishi peke yake, asiye na wa kumsemea.

Nakala yangu ya Mzimu haina jalada, na kurasa zake nimezishona kwa uzi wa magunia ya korosho. Niliwasomea kidato cha tatu katika kipindi cha mwisho cha siku, kipande kwa kipande. Kila nikikatisha, darasa linalipuka. Binti mmoja ambaye huwa hanyooshi mkono alisimama akasema, "Mwalimu, huyo anajua mambo mengi mno kwa mtu ambaye hakuwapo." Wenzake wakamtaka athibitishe, naye akaomba kitabu, akafungua nyuma, akasoma sentensi yenyewe. Sijawahi kupata hoja ya namna ile kwa kufundisha vitabu teule ambavyo watoto wanavikariri kwa ajili ya mtihani.

Lakini darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja. Nimeulizia madukani hapa mjini na Masasi, hakuna. Katika maktaba moja niliyokwenda, kadi ya kitabu ipo, kitabu hakipo. Na mzee huyu hakuandika kidogo: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, kisha Kosa la Bwana Msa 1984. Alifariki mwaka 1991. Mwaka 2018 alitimiza karne tangu azaliwe, na huku Kusini sikusikia hata shule moja ikimkumbuka.

Nawaomba wenye haki ya vitabu hivi watoe chapa mpya ya bei nafuu, karatasi ya kawaida inatosha. Nyuma wasisahau faharasa fupi, kwa sababu maneno mengine ya Unguja yanawashinda watoto wa bara. Redio zetu za huku nazo, zikipata ruhusa, zisome sura moja kila jioni.

Mchapishaji anayehofia soko aje huku msimu wa korosho. Mzazi akishalipwa fedha za mnada hununua sare, madaftari na viatu vya shule. Bwana Msa awekwe kwenye meza hiyo hiyo.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Mikindani, Mtwara.