Zuhura, zile raba zako

Makorora, Tanga
Jumatatu usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Habari za Dodoma, za baba watoto, za vumbi? Sisi wazima, mama anakusalimu na anasema umemtupa. Najua nimekuwa kimya tangu mfungo. Leo nakuandikia nimelala, miguu juu ya mto, na kuna jambo sina budi kukwambia, ila ngoja kwanza.

Jumamosi tumeizunguka Tanga nzima kwa miguu, toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Saidi ndiye aliyeniandikisha bila kuniuliza, unamjua. Tulikuwa kama arobaini, wengine wageni kabisa. Tukaanzia Mkwakwani, tukazikata barabara za Ngamiani, na mimi mzawa nikajitia kiongozi: hii ya nane, hii ya tisa. Kumbe nimeruka moja! Kijana wa Mbeya akanionyesha kibao, kwa adabu zote. Nikanyamaza mpaka stesheni.

Huko nako yeye tena: reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, Moshi ikafika 1911. Miaka 18. Nikasema basi hata nyumba ya Saidi itaezekwa.

Bustani ya Jamhuri tulikaa kidogo, tukala machungwa ya Muheza, Kisiwa cha Toten kile pale mbele. Raba zilikuwa bado nzima. (Nitakuja huko.)

Raskazone ndipo nilipoona haya hasa. Vita vya nyuki nilidhani ni hekaya za bibi. Kumbe Novemba 1914 Waingereza walishusha pale maelfu ya askari kutoka India, Wajerumani na askari wao wachache, na bado Waingereza wakarudi melini wameshindwa, wameacha silaha nyuma. Nyuki wenyewe hawakuuliza bendera, waliwauma wote. Na sisi tulikuwa tunaenda pale kuogelea tu!

Haya. Raba zako, zile nyeupe ulizoniachia nikutunzie. Nilizivaa. Njia ya Sahare soli ya kulia ikaanza kupiga makofi, mvuvi mmoja akanipa kipande cha uzi wa nyavu nikaifunga. Hatua chache, ya kushoto nayo ikabanduka. Nikanunua ndala dukani, nikamaliza safari na malengelenge mawili, raba mkononi kama nimetoka kununua samaki. Saidi ana picha, usimwombe.

Jana nimezipeleka kwa fundi Mgandini. Alicheka, mwenzangu. Anasema soli zilioza kabatini kwa joto, zingevunjika hata ukivaa wewe. Sasa nani alikwambia uweke raba miaka mitatu? Nitakulipa, lakini nusu.

Nyumba yenu tumeipita. Baraza ipo, wamepaka rangi ya kijani mbaya kweli. Nilitaka kugonga hodi, nikaona nitasema nini.

Unavaa namba ngapi siku hizi, bado 38? Unataka nyeupe tena au nikutafutie nyeusi isiyoonyesha uchafu? Mtarudi Idi, au ndiyo maneno yale yale? Wanasema mwakani watatembea tena, utakuja tutembee wote? Na muulize babu, zile habari za nyuki yeye alizisikia kwa nani?

Wako,
Mwajuma