Mhariri, sio kila Prius inayokunywa mafuta betri yake imekufa

Mhariri, salaam. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi na leo naomba nafasi niseme kitu kinachotuumiza sana sisi tunaoendesha haibridi za zamani hapa Dar, yaani gari zinazotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme yenye betri kubwa, maana kila nikikaa kijiweni na madereva wenzangu stori ni ileile, gari imeanza kunywa mafuta, mtu kaipeleka gereji, boneti haijafunguliwa kashaambiwa betri kubwa imekufa andaa milioni mbili na zaidi. Na mtu anaandaa kweli, anakopa kwenye kikoba, anabadilisha, gari inatoka pale inakunywa vilevile. Na mimi ilinikuta, ikabaki kidogo tu nilipe.

Naendesha Toyota Prius ya 2008, ile yenye injini ya 1.5, nafanya nayo taksi mtandao nikitokea Kimara. Tangu niinunue nina daftari kwenye gari, kila nikijaza naandika kilomita na lita, na najaza ful tenki kituo kilekile, pampu ikikata mara ya kwanza naacha hapohapo siongezi. Kwa hiyo nikisema gari ilikuwa inaenda kilomita 19 hadi 20 kwa lita sijakisia. Mwezi wa sita ikaanza kushuka, 17, 16, ikafika 13 na pointi. Nikarudi nyuma kwenye daftari nikaangalia mwezi wa sita wa mwaka wa nyuma, ilikuwa 20, njia zilezile, abiria walewale, na mwezi wa sita sio ule wakati wa joto la Februari ambapo AC haizimwi kutwa nzima. Mtu anayetembea kilomita 150 kwa siku hapo anaongeza karibu lita 4 kila siku, piga mara bei wanazotangaza EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi uone kama hesabu ya bosi inatoka.

Cha kwanza wote tunasema mafuta yamechakachuliwa. Nilihama kituo, nikahama tena, namba ileile. Ndio nikaenda gereji moja ambayo siitaji, kijana akachomeka mashine, hakuna kodi (namba ya hitilafu) hata moja iliyotokea, taa ya injini haijawaka, lakini akasema gari ya umri huu ikianza kula mafuta ni betri tu, milioni 2 na laki 8. Nikamwomba anionyeshe namba za betri kwenye mashine, akasema mashine yao haisomi betri. Sasa Mhariri, daktari anaweza kukwambia una sukari bila kupima damu? Nikaondoka.

Naomba nieleze hii betri kidogo kwa sababu ndiyo tunayotishiwa nayo. Prius ya toleo hili ina moduli 28 zimepangwa nyuma ya siti, kila moja ina seli sita za volti 1.2, jumla inakuja volti 201.6. Kompyuta ya gari haiangalii moduli moja moja, inaziangalia mbili mbili, yaani mafungu 14, na kila fungu unaweza kuliona kwenye simu ukiwa na kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani. Dereva mwenzangu anacho, akaniazima. Ukiangalia gari imesimama betri nyingi zinaonekana nzima, kwa hiyo tukapanda nayo kilima huku Kimara yeye akiwa ameshika simu, mimi nimekanyaga mafuta, mafungu yote 14 yakashuka pamoja na kupanda pamoja, lililobaki nyuma kabisa lilipishana na mengine kwa volti 0.2 basi. Betri yenye seli iliyokufa inajionyesha hapo, fungu moja linadondoka volti moja na zaidi peke yake, na hata kwenye skrini utaona vile vibox vya chaji vinapanda na kushuka haraka haraka, dakika hii kijani dakika mbili baadaye zambarau. Yangu haikuwa hivyo. Milioni 2 na laki 8 ningezitupa.

Lakini kwenye simu ileile kulikuwa na namba nyingine nikaikodolea macho, joto la maji ya injini. Tumetembea kilomita 12 na bado liko nyuzi 61, likipanda 64, tukishuka mteremko linarudi 58. Na hapo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukielewa, gari ikisimama taa za Ubungo injini haizimi. Zamani ukisimama tu kimya, unasikia feni ya AC peke yake. Siku hizi inanguruma mpaka taa ziwake kijani.

Mwezi wa tano rejeta ilitoboka nikaenda kwa fundi wa mtaani, akabadilisha, na akatoa thamostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, akaniambia hii ni ya nchi za baridi, huku inachemsha gari tu. Wengi mtakuwa mmeshaambiwa hivyohivyo, ni mazoea ya mafundi wetu tangu enzi za Corolla na Hiace. Kwenye gari ya kawaida hasara yake huioni sana. Kwenye haibridi ni hasara kubwa kwa sababu kompyuta hairuhusu injini izimike mpaka maji yafike kama nyuzi 70 hivi, na thamostati nzima inabaki imefunga mpaka karibu 82 ili injini ipate joto upesi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini inabaki vuguvugu, kompyuta inaona bado baridi, inaongeza petroli na inakataa kuizima. Yaani unakuwa umenunua haibridi halafu unaendesha gari ya petroli iliyobeba betri. Nilienda Gerezani nikanunua thamostati mpya na kulanti (maji ya rejeta), nikasimama hapohapo mpaka ikafungwa. Kesho yake nikashika Morogoro Road, baada ya dakika chache maji yakagonga 84 yakatulia, nilipofika taa za Ubungo injini ikazima. Nawaambia nilifurahi mpaka abiria akaniuliza kuna nini.

Daftari likasema 17. Haijafika 19 bado.

Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa au wanabadilisha vitu vitano kwa mpigo, halafu hawajui kipi kilisaidia. Mimi nilikuwa nagusa kitu kimoja, natembea tenki moja zima, naandika. Tenki iliyofuata nikaangalia breki. Haibridi ukikanyaga breki taratibu mota ndiyo inayoshika gari na kurudisha chaji, pedi zinaguswa kidogo sana, ndio maana pedi zinadumu miaka, lakini hilohilo ndilo linaleta shida, ile pini ya kalipa (kibana pedi) inayotakiwa kuteleza inakaa bila kazi, na sisi tuko pwani, unyevu na chumvi, inashika kutu. Jaribio lake halina gharama. Nilitembea barabara iliyonyooka bila kukanyaga breki kwa nguvu, nikaacha gari isimame yenyewe pembeni, nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Tatu zilikuwa za kawaida. Ya mbele kushoto joto lilinipiga kiganjani kama nimesogelea jiko la mkaa. Fundi alipoivua ile pini ilitoka kwa nyundo, imebadilika rangi ya udongo, ikasuguliwa, ikapakwa grisi yake ya breki, ikarudi inateleza kwa kidole. Elfu 30. Tenki ile ilitoka 18 na nusu.

Halafu upepo. Hili naona aibu kulisahau lakini nalisema kwa sababu wengi tunamwachia kijana wa pancha ajaze kwa kupiga teke tairi. Nilinunua geji yangu, mbele kulia ilisoma PSI 25, nyuma 27, wakati gari hii inataka 35 mbele na 33 nyuma. Nikajaza asubuhi tairi zikiwa za baridi. Ikafika 19.4, na tangu hapo haijashuka chini ya 19.

Kuna kitu kingine nilikikuta njiani. Pembeni ya siti ya nyuma kuna matundu ya plastiki, abiria wanadhani ni spika, wanaegemeza mabegi na mifuko ya soko. Hapo ndipo betri inavuta hewa ya kupozea, hewa hiihii ya ndani tunayovuta sisi. Nilipofungua na kuitoa feni inayovuta hewa hiyo, ilikuwa imevaa vumbi nene kama kipande cha blanketi, lile vumbi jekundu la njia za Goba, limechanganyika na nywele na karatasi ya pipi. Betri ikipata joto kompyuta inaipunguzia kazi na injini inabeba mzigo, na joto ndilo linaloua hizi betri mapema. Brashi ya rangi iliyo kavu na saa moja, umemaliza. Fanyeni kila sevisi jamani, na msiache mzigo uzibe pale.

Na foleni. Wengi tuna tabia ya kuweka gia ya N (huru) tukisimama muda mrefu. Kwenye Prius ukiwa N betri haichajiwi hata injini ikiwa inawaka, na AC inaendelea kunyonya betri hiyohiyo, ukija kuondoka injini inafanya kazi ya ziada kujaza ilichopoteza. Acha gia kwenye D (ya kwenda mbele) ukanyage breki.

Wenye toleo lililofuata, lenye injini ya 1.8, nyie mna la kwenu, ile EGR, njia inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, inajaa masizi, ikiziba injini inaanza kutikisika asubuhi na maji yanapungua bila kuona yanapovujia, msisubiri mpaka gasketi ya silinda hedi iungue, EGR isafishwe mapema.

Sisemi betri hazifi. Zinakufa, gari za 2005 au 2008 zimeshakula miaka yake, na rafiki yangu ya kwake ilikuwa imekufa kweli, kodi P0A80 na fungu moja liko chini volti 1.2 kamili, seli moja imeondoka. Akawekewa moduli moja ya mtumba katikati ya zile za zamani, ikadumu miezi mitatu ikadondoka nyingine, kwa sababu moduli ngeni haichaji sawa na wenzake. Ila aliona namba kabla hajatoa hela. Na tafadhali, zile nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu yeyote ambaye hajachomoa plagi ya usalama nyuma, hajasubiri na hana glovu za umeme mkubwa. Volti 200 za betri hazina utani, nimeona kijana anafungua kifuniko kile na bisibisi tupu, amevaa ndala, nikamshika mkono.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili. Ukurasa wenu wa magari mnatuletea gari mpya ambazo wengi wetu hatutazinunua. Tupeni nafasi kila wiki kidogo tu kwa hizi tulizonazo, muwaite mafundi wanaojua waeleze kwa Kiswahili. VETA nao nawaomba wawafikie mafundi wa mtaani kwa kozi fupi za jioni za haibridi, maana huyu aliyetoa thamostati yangu sio mtu mbaya, ni fundi mwenye mikono mizuri, rejeta aliyofunga haijavuja hata tone, hakuwahi kuambiwa tu. Nilirudi kwake nikamwonyesha kwenye simu 61 ya zamani na 84 ya sasa. Akaniomba jina la kile kidude, juzi nimemkuta ameshanunua chake.

Dereva wa Prius,
Kimara, Dar es Salaam.