Trekta dogo: lipi ni tatizo, lipi ni kawaida, na lipi ni kulionea

Swali tunaloulizwa sana karakana kwetu ni hili: "Trekta bado jipya, saa zenyewe hazijafika mia, mbona linasumbua?" Anayeuliza huwa na uchungu wa kweli. Ametoa fedha nyingi, amepanga kazi za msimu mzima, na sasa mashine imemsimamia katikati ya shamba. Mtu wa namna hiyo hastahili kujibiwa juu juu, ndiyo maana tumeandika makala haya.

Injini na giaboksi ya trekta dogo la dizeli, vikitunzwa, hufanya kazi maelfu ya saa. Vinavyosumbua zaidi ni vitu vinavyovizunguka: betri, swichi, nyaya, mafuta machafu, rejeta iliyoziba, hosi na sili. Kisha kuna kundi la pili la matatizo, na kwa tunavyoona sisi ndilo linalofupisha maisha ya matrekta haya kuliko kasoro za kiwandani. Ni kulifanyisha trekta dogo kazi ya trekta kubwa.

Tuanze na hilo. Matrekta ya daraja hili, kama ya mfululizo wa Kubota BX au John Deere 1025R, huwa na injini ya silinda tatu yenye nguvu za farasi 18 hadi 26 hivi, na uzito wa kilo 600 na kitu bila vifaa. Nguvu inayotajwa kwenye matangazo ni ya injini yenyewe. Ikishapita kwenye pampu na gia, inayofika nyuma kwenye shafti ya PTO, yaani mhimili unaozungusha vifaa vinavyofungwa kwenye trekta, ni pungufu: injini ya farasi 24 hutoa hapo kama farasi 18 tu. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na kifaa unachotaka kununua. Rotaveta (kifaa cha kutifua udongo) inayohitaji farasi 30 itafungika vizuri kabisa nyuma ya trekta lako, kwa kuwa pini za kufungia ni za kipimo kile kile cha matrekta yanayolizidi umbo. Lakini kufungika si ushahidi kwamba trekta linakiweza.

Ndoo ya mbele nayo ina hesabu yake. Nyingi za daraja hili huinua kilo 300 na ushee zikipimwa kwenye pini za ndoo, na uwezo hupungua kadiri mzigo unavyokaa mbele ya pini hizo. Sasa chukua udongo uliolowa, ambao mita moja ya ujazo hufika kilo 1,700 hivi. Ndoo ya mita za ujazo 0.14 ikijazwa sawa na ukingo imebeba karibu kilo 240, na ukiilundika umeshafika kikomo kabla hujatia jiwe hata moja. Ile sauti ya kulia unayoisikia ukivuta mkono wa ndoo na ndoo haipandi ni vali ya usalama inafunguka. Haimaanishi pampu imechoka. Ukiendelea kuushikilia mkono, mafuta ya haidroliki yanachemka bure.

Mzigo unaoinuliwa mbele hupunguza uzito wa magurudumu ya nyuma na kuuhamishia wote kwenye ekseli ya mbele, ambayo kwenye matrekta haya ni ndogo. Hapo ndipo sili zinapoanza kuvuja, bearingi zinapokufa, na usukani unapokuwa mzito. Kwa hiyo tunasema wazi: usifanye kazi ya ndoo bila uzito wa nyuma, iwe ni sanduku la mawe na zege au kifaa kizito kilichofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma. Hili ni jambo la maisha ya dereva pia, kwa sababu trekta lenye mgongo mwepesi hupinduka upesi. Beba ndoo ikiwa chini, nondo ya usalama, ile ya kumkinga dereva trekta likipinduka, ikiwa imesimamishwa, na mkanda ukiwa umefungwa.

Jambo jingine dogo ambalo huja na gharama kubwa: kuendesha kwenye lami au zege huku umeweka gia ya magurudumu manne, ile inayofanya ya mbele nayo yasukumwe na injini. Gia za mbele zimepangwa zizungushe magurudumu kwa kasi inayozidi kidogo ile ya nyuma. Kwenye udongo tairi huteleza na tofauti hiyo hupotea. Kwenye zege haina pa kwenda, inabaki ikizikaza gia na kulamba tairi. Ukitoka shambani, itoe.

Haliwaki

Hili ndilo lalamiko namba moja, na mara nyingi trekta halina ubovu wowote. Matrekta madogo yana swichi za usalama chini ya kiti, kwenye PTO na kwenye kanyagio la mwendo. Swichi moja ikidhani hukukaa, au PTO imewashwa, au kanyagio halijarudi katikati, stata haizunguki. Na ukiinuka kitini PTO ikiwa inazunguka, injini inazima. Imeundwa hivyo kwa makusudi. Kabla ya kuita fundi, kaa vizuri kitini, zima PTO, weka gia katikati, toa mguu kwenye kanyagio, kanyaga breki, kisha washa. Kama bado, angalia kama plagi ya waya iliyo chini ya kiti imelegea au ina matope. Panya pia wanapenda kulala kwenye boneti la mashine iliyoegeshwa muda mrefu, na nyaya laini ndizo wanazoanza nazo.

Tunaombwa mara kwa mara tuunganishe swichi hizo moja kwa moja ili "zisisumbue". Hatufanyi, na hatutafanya. Shafti ya PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Nguo ikishikwa, hakuna mkono wa binadamu unaowahi kuzima. Tutabadilisha swichi mbovu kwa furaha, lakini kuifuta kabisa hapana.

Baada ya swichi, angalia betri. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu, na ikikaribia 12 imekwisha kwa kazi ya kuwasha dizeli. Injini ikiwaka, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5, la sivyo altaneta au mkanda wake una tatizo. Trekta linalowashwa dakika kumi kwa wiki kusogeza tela haliirudishii betri umeme ulioliwa na stata. Kwa mtumiaji wa namna hiyo, chaja ndogo ya kudumisha betri humwepusha na usumbufu mwingi. Safisha pia vichwa vya betri na mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu. Ukungu mweupe na kutu hapo hufanya betri nzima ionekane imekufa.

Linawaka, halafu linazima

Hapa tunatazama mafuta. Tangi lililoachwa nusu hupumua hewa, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone ya maji yanayozama chini ya dizeli. Pale maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi, na utelezi huo ndio unaoziba filta. Dalili yake inajulikana: trekta linawaka vizuri, linafanya kazi kidogo, linaishiwa nguvu, linazima, likipumzika linawaka tena. Watu wengi hukimbilia kufikiria pampu ya nozeli, kumbe ni filta. Jaza tangi baada ya kazi, usingoje asubuhi ya siku ya kazi. Tumia dumu safi lenye mfuniko, na umwage maji kwenye kikombe cha filta kama kitabu kinavyoelekeza. Likiishiwa mafuta kabisa na hewa ikaingia kwenye mabomba, usilisumbue kwa stata dakika nzima. Bonyeza sekunde 10, pumzisha, na kama haliwaki toa hewa kwanza. Stata nyingi zinazoungua huungulia hapo.

Tukiwa kwenye injini, kuna faida moja ya daraja hili ambayo wanunuzi hawaelezwi. Marekani, tangu 2013, injini za dizeli kuanzia kilowati 19, karibu farasi 25, zimewekewa masharti makali ya moshi, na nyingi zikalazimika kufungwa chujio la masizi pamoja na vihisio vyake. Injini nyingi za matrekta madogo zimepangwa chini kidogo ya mpaka huo kwa sababu hiyo. Zimebaki na mfumo rahisi ambao fundi wa kawaida anaweza kuuelewa na kuutengeneza.

Joto na mizunguko ya injini

Kuna tabia tunayoikuta kwa watu waangalifu, wanaolipenda trekta lao: kuliendesha kwa mizunguko ya chini wakidhani wanaliokoa. Kwa injini hizi ni kinyume. Feni, pampu ya maji, pampu ya haidroliki na altaneta vyote vinategemea mizunguko ya injini. Ukikata nyasi injini ikiwa imelala, feni inavuta hewa kidogo, kisu kinararua badala ya kukata, na dizeli isiyopata joto la kutosha huacha masizi ndani. Kwenye dashibodi kuna alama ya PTO, mara nyingi mahali fulani kati ya mizunguko 2,500 na 3,200 kwa dakika. Hapo ndipo injini ilipoundwa kufanyia kazi, hata kwa saa nyingi mfululizo. Kelele utaizoea.

Ukikata nyasi kavu, mbegu na vumbi hujaa kwenye wavu ulio mbele ya rejeta kwa muda mfupi sana. Simama, ngoja injini ipoe, toa wavu, ukung'ute. Ukipuliza rejeta kwa hewa, puliza kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa shinikizo la wastani ili usikunje mapezi. Filta ya hewa ni kinyume chake: kila ukiifungua na kuipigapiga unahatarisha vumbi kuingia ndani. Ifungue inapostahili, na ikichakaa weka mpya.

Giaboksi ya haidrostatiki, ile ya kanyagio badala ya klachi, ina kanuni moja ambayo dereva wa gari huiona ya ajabu. Trekta likilemewa mlimani au kwenye rundo, usikandamize kanyagio. Achia kidogo. Kukandamiza ni kuomba mwendo, na mwendo hula nguvu. Ukiachia unapata msukumo. Kwa kazi nzito tumia gia ya chini tangu mwanzo. Mluzi wa wastani wa giaboksi hii ni wa kawaida. Mluzi mpya unaoongezeka, hasa ukiandamana na ndoo kupanda kwa kusitasita, unatuambia mafuta yamepungua, filta imeziba au hewa inavutwa mahali. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na hapo usiendelee hata saa moja.

Kuhusu kuvuja, tunaomba mtofautishe unyevu na tone. Kiungo cha haidroliki chenye vumbi lililoshika mafuta ni cha kutazamwa. Kiungo kinachodondosha ni cha kutengenezwa. Usitafute tundu la hosi kwa kidole kamwe, kwa sababu mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na jeraha hilo ni la kupelekwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Tumia kipande cha kadibodi.

Saa 50 za kwanza, na miaka inayofuata

Huduma ya kwanza, ambayo kwa matrekta mengi ya daraja hili hufanywa kwenye saa 50, ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa kuwa trekta "bado jipya". Gia mpya zinaposuguana na kuzoeana hutoa unga wa chuma. Unga huo unanaswa na filta ya injini na ya haidroliki, na filta hizo zikiachwa, upya wa trekta hausaidii kitu. Wakati huo huo kaza nati za magurudumu na bolti za mikono ya ndoo, kwa sababu hulegea mapema. Pini za ndoo zipate grisi kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi.

Mita ya saa haisemi yote. Trekta lenye saa 200 lililokaa miaka kumi linaweza kuwa na hosi zilizopasuka, mkanda mgumu, tairi zenye nyufa, betri iliyokufa na tangi chafu. Lenye saa 1,500 na daftari la huduma linaweza kuwa ununuzi bora kuliko hilo. Ukinunua lililotumika, tungependa ulione likiwashwa injini ikiwa baridi kabisa, basi mwambie muuzaji asilipashe joto kabla hujafika.

Ukitupigia simu, tutakuuliza saa zilizo kwenye mita, kifaa kilichokuwa kimefungwa, kama tatizo huanza baridi au moto, na taa gani imewaka. Jibu bila kuona haya hata kama kazi ilikuwa nzito kuliko trekta, kwa sababu jibu hilo hutuonyesha pa kuanzia. Piga picha ya kibati chenye namba ya trekta na ya injini, maana vipuri vya matoleo mawili yanayofanana vinaweza kutofautiana, na kipuri kilichoagizwa vibaya kitakuchelewesha kuliko ubovu wenyewe.