Harambee ya Redio: Picha Zinapita Juu ya Ujiji, Tusaidieni Kuzinasa

Shikamooni wazazi wetu, walezi, na ndugu wote mliosoma hapa.

Mwaka huu klabu ya redio ya shule yetu hapa Ujiji imenasa picha moja tu kutoka angani, tena nusu. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kilomita zipatazo 400 juu yetu, na mara mojamoja huwarushia wapenda redio picha kwenye masafa ya megahezi 145.800. Picha hiyo haiji kama ya televisheni ya sebuleni. Inakuja kama mlio: nyeusi ni sauti ya hezi 1500, nyeupe ni 2300, na vivuli vyote vya kati vimo humo katikati. Programu ya simu husikiliza mlio na kuchora mstari baada ya mstari, kama dakika mbili kwa picha moja.

Antena tuliitengeneza wenyewe kwa tepu ya fundi ya kupimia na bomba la plastiki la maji. Redio tuliazima, simu tukaisogeza kwenye spika. Mistari ya kwanza ilipotokea, watoto wakapiga vigelegele, na simu nayo ikavisikia ikavichora! Katikati ya picha pana mkanda wa chengachenga ambao ni furaha ya Kidato cha Pili. Kabla picha haijaisha, kituo kikazama upande wa Tabora. Waya wa kutoka redio hadi kompyuta ungetuepusha na hayo ya vigelegele. Redio yenyewe imesharudi kwa mwenyewe.

Hatuombi mtambo wa kurushia. Kurusha kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na hiyo ni safari nyingine. Kwa sasa tunataka kupokea tu. Na anayedhani haya si mambo ya wanafunzi ajue kwamba aliyebuni njia hii ya kutuma picha kwa mlio mwishoni mwa miaka ya 1950, Copthorne Macdonald, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kentucky, Marekani.

Tunahitaji redio ya kupokelea sh. 180,000, kompyuta mpakato ya mtumba 350,000, betri 120,000 (umeme tunaujua wenyewe), na waya 20,000. Jumla 670,000. Wanafunzi wameuza maandazi wakapata 92,000, hivyo zimebaki 578,000. Hata elfu moja inapokelewa, na risiti utapewa.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, ukumbi wa shule. Walio mbali watume kwa mwalimu mlezi kupitia kundi la wazazi.

Siku hiyo kila atakayechangia atapigwa picha, nayo itasafirishwa kwa mlio kutoka simu moja hadi nyingine, ukumbini humohumo, bila bando. Ni sekunde 36 tu. Tunaomba kwa muda huo vigelegele visubiri.