Mwanangu, kanga hizi kalipa nani?

Mwanangu, somo wa mama'angu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, presha ya mama'ako imetulia, mwanao kaanza mitihani. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu kila nikiligusa jambo hili la wewe kugombea udiwani ili uwe meya unaniambia "baba, nipo kikaoni". Isome ukiwa peke yako, na usimsomee yule kijana wako wa kampeni anayekuita mheshimiwa kabla hata fomu hazijatoka.

Jumanne kirikuu kilisimama mlangoni kikashusha marobota mawili ya kanga. Nikafungua moja. Kanga nzito, si zile za kupenya jua, na rangi haichuji; nililowesha pindo moja kwenye beseni mama'ako akanigombeza. Pale pa jina pamechapwa jina lako na 2025. Nikamuuliza dereva, kalipa nani? Akasema, "Mzee, mimi nimebeba tu." Kaka yako nikimuuliza anaangalia simu. Basi nakuuliza wewe. Mshahara wa afisa maendeleo ya jamii naujua, haununui doti za namna ile kwa robota, labda uwe umeuza kiwanja, na hati ya kiwanja chako ninayo mimi kabatini.

Usinielewe vibaya. Kazi unaiweza, tena kuliko wengi waliovaa lile joho la madiwani. Juzi pale Mgandini muuza dagaa mmoja, wala hanijui, alikuwa akikusifu: "Yule dada alikuja na daftari lake, akakalia ndoo, akatupigia hesabu mpaka tukaelewa." Nikanunua dagaa ambao hatukuwa na haja nao. Ile mikopo ya asilimia 10, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, wengine waliigeuza sadaka. Wewe ulifuata marejesho mpaka Chongoleani. Iliposimamishwa kwa muda 2023, vitabu vya vikundi vyako vilikuwa vinasomeka.

Lakini hapo hapo ndipo ninapoogopa. Hao akina mama si ndio utakaowagawia hizi kanga? Uliowapitishia mikopo jana, leo unawavika jina lako? Mtu wa TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, hahitaji miwani kuliona hilo.

Mtaani watu wanadhani wao ndio wanaochagua meya. Mimi nimekaa nyuma ya Baraza la Madiwani nikiandika mihutasari mpaka nikastaafu, najua njia ilivyo. Kura za maoni chamani, halafu kata yako Oktoba, halafu madiwani wa chama chenu wakupitishe, ndipo kikao cha kwanza mpigiane kura wenyewe kwa wenyewe. Kata 27, ongeza viti maalumu na mbunge, hamfiki hamsini. Mbele ya watu hao kanga haina kazi. Hapo inazungumza bahasha, na bahasha itajazwa na yuleyule aliyelipia kanga. Ndiyo maana nataka nimjue.

Kudai hatakuja nyumbani. Atakuja kwenye Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni meya, ajenda ya sita, mgawo wa vibanda vya soko. Nimeziona ajenda kama hizo zikipita saa nane mchana watu wana njaa, chapati zinanukia chumba cha pili. Hakuna aliyetamka rushwa. Walisema "tuendelee, mwenyekiti", nami nikaandika "iliridhiwa". Mabati ya banda la uani unajua yalikotoka, na unajua kwa nini sikai chini yake hata mvua inyeshe. Tuyaache hayo.

Na usiniambie ni ukarimu wa wapenzi wa maendeleo. Zamani zawadi hizi kwa wapiga kura wakiziita takrima, wakaiingiza mpaka kwenye sheria, Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, mgombea aeleze fedha zake zinatoka wapi. Kwenye karatasi ile utamwandika nani?

Mama'ako hofu yake ni nyingine. Anaikumbuka Arusha ya Januari 2011, watu wakauawa kwa ugomvi ulioanzia kwenye kiti cha meya. Hata hapa kwetu 2015 ugomvi huo ulikuwepo, madiwani wa chama cha CUF walivyoyakataa matokeo ya kura ya meya. Namwambia hayo tumwachie Mungu. Marobota yamo sebuleni kwangu.

Halafu acha kuahidi barabara. Kaka yako kanionyesha video, unaahidi lami mpaka nikaona haya. Barabara za mitaa ziko kwa wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017. Kodi ya majengo watu wanakatwa kwenye LUKU wakinunua umeme. Bandari si yako, maji si yako, na Mkurugenzi anateuliwa na Rais, yeye ndiye mwenye kalamu ya malipo. Wewe umebakiwa na masoko, taka, zahanati na hiyo mikopo. Sema utazibua mitaro ya Makorora na uizibue. Sisi tunaoishi na maji yake mlangoni tutakuelewa vizuri tu.

Barua ya kuacha kazi umeshaipeleka? Kaa kwanza na mtu wa mfuko wa pensheni, PSSSF, akupigie hesabu ya miaka yako, maana kata ikikukataa Oktoba, ofisini kuna mtu mwingine kwenye kiti chako. Na mumeo mbona simsikii? Mwanamume anamwona mkewe anaacha mshahara, kimya! Au yeye ndiye anayemjua mwenye kanga?

Nina laki tatu za machungwa ya Muheza. Zichukue. Chapa vipeperushi vya karatasi, weka ile picha ya mtandio wa kijani, si ile ya miwani myeusi, umekaa kama dalali. Tembea kwa miguu kata nzima kama ulivyokuwa ukitembea na daftari. Ukishindwa kwa laki tatu utarudi nyumbani hudaiwi. Kanga zirudishe zilikotoka, gari nitakodi mimi. Na kama hutaki kuzirudisha, niambie jina la mtu, basi. Simpigi wala simtangazi. Nataka jina.

Mengine ni ya nyumbani. Dawa za presha za mama'ako zimebaki za wiki, ulete zile za pakiti nyeupe, hizi za mara ya mwisho zinamvimbisha miguu. Mwanao anataka viatu vya shule namba 34. Ulivyoleta vinambana vidole, anavivaa kwa kuvikanyaga nyuma, na sasa ni kandambili. Shangazi yako wa Pangani anakuja Ijumaa, kasema asipikiwe samaki, kachoka na samaki. Mbuzi yule mweusi kazaa pacha. Mpangaji wa chumba cha mbele hajalipa tangu mfungo, kila nikimkuta ananiambia kesho. Ukija ongea naye wewe, mimi ananiamkia kwa heshima mno nashindwa kumdai.

Baba'ako,
Makorora, Tanga