Shosti, kimbia polepole kuliko unavyodhani

Mama Brayani shosti wangu kamwene, za huko Iringa na upepo wake? Sisi huku Mbeya wazima wote, Glori kafunga shule anakula na kulala tu, baba yake yuko Tunduma anarudi kesho. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, nikaona nikijibu kwa voisi na mimi ntasahau nusu ya mambo, bora niandike. Ni ndefu ila isome yote mwaya, maana hili jambo liko moyoni mwangu kabisa na sitaki uliache.

Umesema ulitoka asubuhi, ukaanza mbio kuanzia getini, kufika kwenye transfoma kifua kinataka kupasuka na mdomo una ladha ya chuma, ukarudi nyumbani unatembea ukajiambia mbio ni za watu wa Mbulu na Singida, wewe Mungu hakukuumba hivyo. Sasa nisikilize. Presha na sukari ulipima kabla ya uhamisho wakakwambia uko vizuri, kwahiyo sioni kwanini ukilaumu kifua. Shida ni spidi. Umetoka na spidi ya mtu anayekimbizia daladala inayoondoka, na hakuna mtu asiye na mazoezi anayeweza kukaa kwenye spidi hiyo hata dakika tano, awe mwembamba awe mnene.

Unakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi? Alfajiri baridi kali, wengine tuko peku, mwalimu wa zamu anakuja nyuma na fimbo yake, mmoja anaanzisha wote tunaitikia, tunazunguka mtaa mzima tunarudi kukagua usafi na hakuna aliyezimia. Hatukuwa wanariadha sisi. Tuliweza kwa sababu tulikuwa tunaimba, na mtu anayeimba hawezi kukimbia haraka, wimbo wenyewe unamzuia. Basi kipimo chako ndo hicho hicho. Ukiwa unakimbia uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika, na kama uko peke yako imba, sali, hesabu madeni ya vikoba, chochote cha mdomo. Ukiona unatoa neno moja moja umeshazidisha, punguza, ukipunguza na bado unahema tembea. Hata makocha wakubwa wanatumia kipimo hiki cha kuongea, hakihitaji saa ya bei mbaya wala bando. Maana yake ni kwamba ukienda taratibu misuli inapata oksijeni ya kutosha kufanya kazi yake, ukizidisha inadai kuliko kile moyo na mapafu vinaweza kuleta na hapo ndo miguu inakuwa mizito na kifua kinawaka moto.

Alafu usisahau umetoka Mbagala juzi tu. Mbagala uko karibu na usawa wa bahari, huko Iringa mjini uko juu zaidi ya mita 1,500, na huku kwetu Mbeya ni kama 1,700. Oksijeni ipo ile ile asilimia 21 lakini hewa yenyewe huku juu ni nyepesi, kwahiyo kila ukivuta pumzi unapata pungufu karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Mwili unazoea, unaanza kuhema zaidi siku za mwanzo alafu taratibu unatengeneza chembe nyekundu za damu nyingi zaidi, ila hiyo kazi inachukua wiki kadhaa huwezi kuiharakisha. John Stephen Akhwari mwenyewe, huyo wa Mbulu unayemsema, mwaka 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki kule Mexico City ambako ni mita 2,240, misuli ikambana njiani, akaanguka akaumia goti, akaendelea hivyo hivyo na bandeji mpaka uwanjani, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi kufika. Yule alikuwa bingwa na mwinuko ulimsumbua. Wewe umekaa Iringa mwezi na nusu unataka mapafu yakutii siku ya kwanza.

Sasa fanya hivi. Toka nyumbani utembee dakika tano kwa haraka haraka mpaka mwili upate joto, baridi ya huko misuli inakuwa imekaza. Alafu tumia nguzo za umeme. Kimbia nguzo moja mpaka inayofuata, kimbia ile ya kujivuta, watu wanaoenda kazini kwa miguu wanakaribia kukupita na waache wakupite, alafu tembea nguzo mbili, au tatu kama bado unahema. Rudia hivyo dakika ishirini, rudi nyumbani. Umemaliza. Usiongeze hata kama unajisikia una nguvu. Kuna programu moja maarufu sana ya wanaoanza inaitwa Couch to 5K, aliitunga Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, alikuwa anamtafutia mama yake njia ya kuanza mazoezi, na wiki ya kwanza ni hivyo hivyo: sekunde 60 unakimbia, sekunde 90 unatembea, kwa dakika ishirini, siku tatu kwa wiki, unaongeza kidogo kidogo mpaka wiki ya 9 unakimbia nusu saa mfululizo. Ukiona wiki ni ngumu irudie, hakuna anayekufukuza. Kwenye kagrupu ketu ka mbio ka hapa mtaa wa Forest kuna mama mmoja muuza mboga alikaa kwenye wiki moja karibu mwezi mzima na sa hivi anatuacha kwenye mlima huku anapiga stori.

Siku tatu namaanisha tatu, na zisifuatane. Hapa nakuomba sana Mama Brayani maana nakujua wewe ukipenda kitu unakipenda chote. Wiki ya tatu ya nne hivi pumzi itakuwa imekaa sawa na utaona mbona hii rahisi, utataka kila siku, na watu wengi wanaumia hapo hapo. Moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano zinachukua miezi. Yani pumzi inakwambia nenda na ugoko bado haujawa tayari. Kuna maumivu ya kawaida, yale ya kesho yake mapaja yote yamekaza unashuka ngazi kwa kushika ukuta, hayo yanaisha yenyewe. Ila ukisikia panauma sehemu moja, unaweza kuigusa kwa kidole kimoja ukasema hapa, hasa kwenye mfupa wa ugoko kwa ndani au kisigino, na kila ukikimbia panazidi, acha mbio kabisa siku kadhaa utembee tu, na kama hata kutembea panauma nenda hospitali. Usimeze diklofenaki uendelee kukimbia, nakusihi, dawa inaficha maumivu tu na mfupa unaendelea kuumia.

Kichomi cha ubavuni hicho usiogope. Tembea, bonyeza pale kwa mkono, toa pumzi ndefu mpaka iishe, kinapita. Mara nyingi kinakuja kwa sababu umekula karibu na muda wa mbio. Makande na parachichi alafu ukimbie, hapana. Asubuhi chai na ndizi moja inatosha, mlo wa maana ukirudi.

Viatu sasa. Zile raba nyeupe ulizonitumia picha ni nzuri ila ni za kutokea, soli ngumu na bapa, ziache ziende kanisani. Huna haja ya kununua mpya dukani, mitumba ya soko la Mwanjelwa huku Mbeya ina raba za mbio kali kabisa, ila lazima ujue kuchagua maana muuzaji ameshazipiga brashi na sabuni mpaka zinang'aa. Mimi nafanya hivi, naiweka raba juu ya meza naiangalia kwa nyuma kwenye usawa wa macho, ikiwa imelalia upande mmoja naiacha hata iwe nzuri namna gani, mwenye nayo wa kwanza alishaimaliza. Alafu nabonyeza ile sponji ya pembeni ya soli kwa dole gumba, iingie kidogo na irudi. Ikiwa ngumu na ina vimikunjo vingi kwa pembeni ujue imeshakufa ndani, haitapokea uzito wako. Alafu naikunja, ikunjike pale vidole vinapokunjika, ikikunjika katikati ya unyayo hapana. Na natazama gundi ya mbele, zikishagandishwa na fundi hapo wiki mbili zinafunguka mdomo. Jaribu jioni ukiwa umesimama siku nzima maana mguu unakuwa umevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, la sivyo kwenye mteremko kucha zitakuwa nyeusi. Bei ni maongezi, usionyeshe umeipenda.

Na hiyo miteremko nayo nikwambie. Huko kwenu ni milima tu, ukisema ukimbie kutoka mjini kushuka Ipogolo ni raha kweli, upepo usoni, unajiona bingwa, alafu unakumbuka kuna kurudi. Na sio kurudi tu, kushuka kwenyewe ndo kunaumiza mapaja zaidi kuliko kupanda, kwa sababu misuli inafanya kazi ya kukuzuia huku inavutwa, ukishuka sana siku moja kesho yake hukai kwenye kiti bila kulia. Kwahiyo miezi ya kwanza tafuta tambarare. Zunguka pale nje ya uwanja wa Samora, au ile mitaa ya Gangilonga yenye miti, chagua kipande kisicho na mwinuko mkali. Mlima ukikukuta panda kwa kutembea, shuka kwa hatua fupi fupi usitupe miguu mbele. Barabara kuu achana nayo. Malori ya huko ni yale yale yanayopita kwetu kwenda Zambia, hayakuoni asubuhi na ukungu. Barabara ya vumbi ni laini kwa miguu pia.

Baridi ya Juni na Julai usiipe nafasi ya kukurudisha kitandani. Vaa sweta jepesi na marvini, dakika kumi utakuwa umevua sweta umelifunga kiunoni. Ukifika nyumbani badilisha nguo zilizolowa haraka, na kunywa maji hata kama huna kiu, baridi inadanganya. Brazia nzuri ya kubana tafuta, hili wanawake hatuambiani lakini bila hiyo utaacha wiki ya kwanza. Usitoke gizani peke yako, subiri kupambazuke, mtu nyumbani ajue umepita njia gani. Mbwa akikujia acha kukimbia, tembea taratibu usimpe mgongo. Akikung'ata osha kwa maji mengi na sabuni dakika kumi na tano na siku hiyo hiyo uende hospitali ukachanjwe, usisubiri.

Na watu wa bodaboda wanaokupigia kelele. Najua hili ndo limekukera kuliko kifua, nimelisikia kwenye sauti yako. Wataongea wiki mbili, wakikuzoea wataanza kukusalimia, mimi huku kuna mmoja sa hivi ananiuliza dada jana mbona hukupita. Ila wewe huhitaji ruhusa yao hata kabla hawajakuzoea, barabara ni yako pia. Nimefurahi sana kwamba umetaka kuanza, nakumbuka ulivyokuwa mwaka jana hulali, unawaza, na mimi tangu nianze haya mambo usingizi wangu umerudi na hasira za ovyo zimepungua, hata Glori ameliona hilo akasema. Ndo maana nakung'ang'ania.

Uliona Alphonce Simbu kwenye marathoni kule Tokyo Septemba 2025? Mtoto wa Singida, kakaa na kundi kilomita zote zile hana papara, ameingia uwanjani yule Mjerumani Petros yuko mbele, na kamkuta kwenye utepe, saa 2:09:48 wote wawili, wametenganishwa na sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia. Nililia mbele ya tivii. Na watu wanaona ile spidi ya mwisho tu, hawajui kwamba wakimbiaji wa marathoni sehemu kubwa ya mazoezi yao ni mbio za taratibu wanapiga stori.

Saizi yako bado ni 39? Alhamisi napita Mwanjelwa, nikipata nzuri nakutumia picha, unaichagua wewe, naituma na basi inafika jioni ile ile. Mpaka zifike tembea tu dakika thelathini siku hizo tatu, hayo nayo ni mazoezi kamili. Alafu Jumamosi ijayo saa moja asubuhi nakupigia, chomeka spika sikio moja tu uendelee kusikia barabara, mimi ntakuwa Forest wewe Gangilonga, tunaanza pamoja na tunaongea njia nzima, nataka unisimulie ile habari ya mwalimu mkuu wenu mpya tangu mwanzo. Nikikusikia unakatisha maneno nakwambia tembea, na wewe utembee usibishe.

Msalimie Brayani na bibi yake.

Wako,
Mama Glori