Njoo uisikilize ikiwa bado baridi

Bombo, Jumapili jioni

Swahiba wangu Ramadhani,

Assalamu alaikum. Hujambo wewe, na Mama Latifa hajambo, na watoto wote? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, mvua imeanza vizuri na mahindi ya mama yameshika. Najua tangu Iddi sijakuandikia, na ulipoleta habari za mzee nilikujibu maneno mawili tu kama mtu asiye na adabu. Nisamehe, ndugu yangu. Mzee anaendeleaje sasa? Mama bado anamwombea kila alfajiri.

Leo nimekaa barazani na daftari kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili hii. Nataka kununua pikipiki. Sisemi boda, nasema pikipiki kubwa. Kuna V-Max ya Yamaha inauzwa Buziga, Kampala.

Unakumbuka yule Mzungu aliyetokea upande wa Congo akalala Arua siku mbili akingoja betri? Watoto walijaa pale karakana hadi Afande akawafukuza kwa fimbo. Wewe ndiye uliyepiga goti ukapima tairi la nyuma kwa shubiri, ukaniambia, "Hili ni la gari." Alipoiwasha jioni ile, bati za karakana zilitetemeka. Mimi sikusema kitu, lakini kuanzia siku hiyo nikajua nitakuja kuipanda moja kabla sijafa. Halafu tukanunua ile Honda CB kwa kuchangiana, tukaipenda, tukaiuza 2005 nilipe karo ya Aisha. Sijuti. Aisha sasa ni muuguzi, na mdogo wake anamaliza mwaka huu. Karo imekwisha, Ramadhani. Ndiyo maana nimeanza kuota tena.

Mama Aisha hakugomba. Ningependa angegomba, ningejua pa kuanzia. Alininyamazia siku mbili, kisha akasema: "Muulize Ramadhani. Akisema ndiyo, sitatia neno." Kwa hiyo barua hii ni yako na yake pia.

Basi nikueleze nilichokiona. Ni ya 1991, nyeusi, mwenyewe ni mtu mpole anayerudi kwao na familia. Anataka milioni 22. Namba ya chesisi inalingana na logibuku, kile kitabu cha usajili. Nilisugua shingo ya fremu kwa kitambaa nikasoma tarakimu moja moja. Kile kinachoonekana kama tangi si tangi, humo mna chujio la hewa. Petroli iko chini ya kiti, unainua kiegemeo ndipo unakiona kifuniko. Nilimulika ndani kwa tochi ya simu, nikaona ukingoni rangi ya chai, nadhani ni kutu. Mita inasoma kilomita 41,000, lakini mipira ya kukanyagia imelika hadi imekuwa laini kama sabuni, na pedali ya breki inang'aa chuma kitupu. Kilomita 41,000 hazifanyi hivyo. Wewe wasemaje?

Halafu nikafungua swichi bila kuwasha. Ramadhani, kile kimota kililia "vziii" kikanyamaza. Ina V-Boost, ule mtambo wa kuiongezea injini nguvu! Unajua zile zilizopelekwa nchi kadhaa za Ulaya zilinyimwa kitu hicho, zikabaki na nguvu farasi 100 hivi. Hii ni yenyewe. Ikifika mizunguko 6000 milango iliyo kati ya kabureta inaanza kufunguka, ikifika 8000 imefunguka yote, kila silinda inanyonya kutoka kabureta mbili badala ya moja, na hapo unapata farasi wako 145. Mwaka 1985 ilipotoka watu hawakuwa wameona kitu kama hicho dukani. Nilisimama pale na ufunguo mkononi, mwenye pikipiki akanisemesha mara mbili sikusikia.

Lakini nilipoweka kiganja karibu na injini, ilikuwa moto. Alikuwa ameshaiwasha kabla sijafika. Akasema ameitoa tu kuiosha. Huenda ni kweli. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kwamba injini iliyopashwa moto haina siri ya kukwambia, na kabureta 4 zilizokaa na petroli ya zamani zinajulikana asubuhi, si saa sita mchana. Sikutaka kumvunjia heshima mtu mbele ya watoto wake, nikanyamaza.

Sasa nifike penye aibu. Ua wa pale una mteremko, na chini ni changarawe. Nilikaa juu yake ikiwa imezimwa, nikainyanyua kutoka kwenye stendi, miguu yote miwili chini, sawa kabisa. Nikageuza usukani kidogo nitazame kioo. Mguu wa kushoto ukateleza kama kiganja kizima hivi, sio zaidi. Basi ikaanza kwenda. Unajua ule wakati ambapo chuma bado ni chako, halafu kikapita mahali fulani kikawa cha ardhi? Niliusikia ukipita. Kilo 280 karibu, na goti langu hili. Askari wa geti akaruka akaishika mkia, mimi nikaushika usukani, tukairudisha tukiwa tunahema. Haikugusa chini. Mwenyewe alikuwa ndani anatafuta karatasi, hakuona. Nilimpa yule kijana elfu kumi, na nilipotoka mikono ilikuwa bado inatetemeka nikashindwa kufunga kifungo cha koti.

Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile. Wakati wa CB nisingeteleza, au ningeteleza nikaizuia.

Kwa hiyo nikarudi nyumbani nikafanya ambalo ningelifanya kwanza. Nikamwomba Juma Boxer yake, ile pikipiki ya boda, nikaenda uwanja wa shule kabla ya watoto kuamka. Nikaweka kandambili zangu chini kama alama. Nakuja kwa kasi ya 40, nikifikia kandambili nashika breki kwa nguvu kama vile boda imenikatia mbele. Mara ya kwanza mguu wa kulia ulikwenda wenyewe, mkono ukabaki umelala. Tairi la nyuma likaburura, likachora mstari mwekundu kwenye vumbi, nikapita kandambili kwa hatua tisa. Nikarudia. Hatua nane. Nikarudia. Klachi naikumbuka, gia naikumbuka, kona naikumbuka, lakini mkono wa breki ya mbele umenisahau kabisa. Nimekwenda asubuhi kumi na moja sasa, na jana nilisimama hatua nne. Hiyo ni Boxer, na V-Max ina uzito zaidi ya mara mbili yake.

Na ndipo nilipokumbuka jambo la mwaka. Kuanzia 1993 V-Max ilipata foki za mbele nene za milimita 43 na breki za mbele kubwa zenye pistoni 4 kila upande. Hii ya Buziga ni ya kabla ya hapo. Ina foki nyembamba, breki za zamani, na fremu ambayo kila aliyeipanda anasema inajipinda ukiingia kona kwa kasi. Nguvu ni ile ile ya 145. Mimi mwenye mkono uliolala ninanunua pikipiki yenye nguvu zote na breki nusu. Nikiliandika hivi naona jibu. Nikifunga daftari nasikia "vziii".

Hajji Noor anasema ninunue cc 250 nikae nayo mwaka mzima. Hajji Noor anajua kuuza mafuta, hajawahi kukaa nyuma ya lori la mahindi pale Kafu akihitaji kulipita upesi. Abdallah wa Katwe yeye anasema Suzuki Bandit 1200, spea zake atanipatia. Nimewashukuru wote.

Kuna ya pili, hii nimeiona Jinja Alhamisi. Nayo ni Yamaha, XJR 1300 ya 2001. Nilikwenda nayo hadi darajani na kurudi. Silinda 4 zimepangwa mstari mmoja, inapozwa kwa hewa na oili, hakuna rejeta ya kuziba wala maji ya kuchemka, na kila kitu unakiona kwa macho. Nguvu farasi 106 hivi. Kilo 250 na kitu ikiwa imejaa, lakini uzito uko chini, na miguu yangu ilikanyaga udongo wote. Breki za mbele zina pistoni 4 kila upande. Nilizigusa kwa vidole viwili ikasimama bila kelele, nikashangaa. Tangi lita 21 dhidi ya 15 za ile nyingine. Fikiria safari ya kuja kwako Arua, kama kilomita 450. V-Max ikinywa inavyokunywa nitasimama mafuta Kafu na Karuma na Pakwach, na pale Karuma nyani watanivua hata kofia. Tairi zake ni za inchi 17, saizi ya pikipiki nyingi za mbio, Abdallah anazo hata za mitumba. Ile V-Max nyuma ni inchi 15, na nimeuliza soko lote la spea la Kisekka wakanitazama kama ninauliza tairi la ndege.

Ubaya wa hii ya Jinja ni klachi. Nikiwa gia ya tano nilifungua mafuta ghafla, mizunguko ikapanda lakini mwendo haukupanda. Inateleza. Nimesikia springi ya klachi ya XJR huchoka ikifika umri huu na si kazi kubwa kuibadilisha. Ni kweli? Na kuna cheni, kwa vumbi letu hili itanilia fedha. V-Max ina shafti, hilo nakiri ni zuri sana. Anataka milioni 18, nadhani 16 atakubali kwa sababu ya klachi. Tairi la nyuma lina maandishi 1809, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2009. Linaonekana zima kabisa, jeusi, kashata zake zote zipo, na ni gumu kama ubao. Muuzaji alikuwa anajivunia kwamba halijalika.

Unaona nilivyo. XJR nimeieleza kama mtu anayeposa kwa busara, na V-Max kama kijana. Usiku nikilala ninajiona kwenye barabara ya Entebbe ya kulipia. Unajua kule boda haziingii, lakini pikipiki zinazozidi cc 400 zinaruhusiwa, unalipa 5,000 kama gari dogo unapita. Asubuhi mapema, barabara tupu, ziwa linameta kule mbele. Na kila nikijiona niko juu ya ile nyeusi. Sijawahi hata mara moja kujiona juu ya XJR. Hilo lina maana yoyote kwako? Kwangu lina maana, na linanitisha kidogo.

Kwa hiyo ombi langu. Njoo. Basi la usiku la Ijumaa, ushuke Bombo hapa hapa, mama atapika, tulale saa chache, Jumamosi saa moja asubuhi tuwe Buziga. Nimemwambia mwenyewe asiiwashe hadi tufike, na safari hii nimesema waziwazi, kwa heshima. Nataka wewe uiguse ikiwa baridi, uisikilize ikiwaka, uipeleke gia ya pili uivute kwa nguvu uone kama inaruka, maana nimesikia ya pili ndiyo huumwa. Upime chaji ya betri ikiwa inanguruma. Mimi nitasimama kando na mdomo wangu nimeufunga. Mchana tukipata nafasi twende Jinja tuone ile nyingine. Nauli na chakula ni juu yangu, hilo usilijadili.

Ukiona haifai, uniambie pale pale uani, mbele ya mwenyewe, usingoje tufike barabarani ukanionea huruma. Macho yangu yameshapofuka kwa kitu hiki.

Nijibu haya upesi: Jumamosi utaweza, au shamba limekubana? Mzee anaweza kubaki na Latifa siku mbili? Wewe mwenyewe ulipoirudia ile pikipiki TDM ya padri baada ya miaka yote, ulichukua muda gani mkono kurudi? Kutu ya ndani ya tangi la V-Max inaoshwa bila kulishusha, au lazima fremu ifunguliwe? Na sema kweli, ukifumba macho ukaniona mimi na umri huu nikikupungia mkono pale Ediofe, niko juu ya ipi?

Mama Aisha anakusalimu. Ameniambia nikuandikie kwamba neno lake liko pale pale.

Wako katika mema na mabaya,
Swaleh

Karibu nisahau: uje na ile geji yako ya upepo, yangu inadanganya. Na kofia yako ya chuma, ile ya zamani, kama bado inakutosha.